Kumwandikia Msomaji wa Miaka Laki Moja

Tulikuwa saba, tumebanana kwenye chumba cha mwenzetu mmoja kule Sinza. Feni moja, viti vitatu, wengine mkekani. Filamu ilikuwa Into Eternity, ya Mdenmark Michael Madsen, ya mwaka 2010. Haina mapenzi, haina ngumi. Inahusu shimo. Saa nzima na ushee ya shimo, na mpaka inakwisha hakuna aliyetoka kwenda kununua sigara.

Taa ilipowashwa, mshairi wetu, yule ambaye akipata kipaza sauti hashuki jukwaani, akasimama: "Washkaji, hii ndiyo kazi ya mwandishi! Kumwandikia mtu wa miaka laki moja ijayo! Nani kati yetu anaweza?" Kumbe kila mtu anaweza. Wiki iliyofuata nikaletewa makaratasi matano kwa ajili ya jarida hili, mashairi matatu na barua mbili, yote kwa huyo msomaji wa miaka laki moja. Nimeyasoma yote, na yote nayarudisha. Kwa kuwa kumrudishia mtu kazi yake bila sababu ni uhuni, sababu ndiyo hii hapa.

Tuanze na shimo lenyewe, maana katika makaratasi yale matano hakuna hata moja lililoeleza shimo ni la nini.

Kinu cha nyuklia kinakula urani. Urani ikishachoka kutoa umeme wa maana haiwi majivu ya kumwaga jalalani. Inatoka ikiwa kali kuliko ilivyoingia, kiasi kwamba ukisimama karibu nayo bila kinga huna maisha. Inazamishwa kwenye maji miaka mingi ipoe. Ukali mwingi unapungua katika miaka mia chache ya mwanzo, lakini si wote. Plutoni-239 iliyomo ndani yake inahitaji miaka 24,100 ili ipungue nusu tu. Ayodini-129 inahitaji karibu miaka milioni 16. Sasa uiweke wapi?

Wafini wamesema: chini. Kampuni iitwayo Posiva iliundwa mwaka 1995 kwa kazi hiyo moja. Mwaka 2004 wakaanza kuchimba kule Olkiluoto, katika wilaya ya Eurajoki, pwani ya magharibi ya Finland. Shimo linaitwa Onkalo, na kwa Kifini neno hilo maana yake ni pango tu, uwazi mdogo. Linashuka mita zaidi ya 400 ndani ya mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni mbili. Kibali cha kujenga kituo cha kuzikia kilitolewa mwaka 2015, kwa tani 6,500 za urani iliyokwisha kutumika. Mwaka 2024 walianza kufanya jaribio la kazi nzima kwa mitungi isiyo na urani ndani.

Namna ya kuzika waliichukua kwa majirani zao wa Sweden. Fito za urani zinaingia kwenye mtungi wa chuma, mtungi wa chuma unaingia kwenye mtungi wa shaba wenye unene wa karibu sentimita tano. Mtungi wa shaba unashushwa kwenye tundu la mwamba, na pembeni yake kote unashindiliwa udongo wa bentonaiti, udongo ambao ukilowa unavimba na kuziba kila upenyo. Mwisho handaki lote linajazwa, mlango unafungwa, watu wanakwenda zao. Hakuna mlinzi, hakuna kijana wa zamu. Wakishafunga, shimo linatakiwa lijilinde lenyewe hata kama dunia nzima imelisahau.

Shikeni hapo hapo, maana ndipo ugomvi wangu na filamu unapoanzia.

Madsen ni fundi, namfagilia. Kuna mahali amesimama gizani, anawasha njiti ya kiberiti, anaongea na mtazamaji wa baadaye mpaka moto unamfika vidoleni. Chumba kizima kilinyamaza. Anawapa nafasi wataalamu wenyewe wabishane mbele yetu: tuweke alama juu ya shimo, au tuliache lisahaulike? Wanasita, wanatazamana, wanacheka kicheko cha mtu asiyejua. Hiyo ni sanaa, wala sibishi.

Lakini sanaa hiyo imetuzuga. Tumetoka pale tukiamini kwamba usalama wa shimo ni suala la maneno, kwamba tukipata ishara sahihi, au shairi sahihi, wajukuu wa wajukuu watapona. Ndiyo maana nimeletewa makaratasi matano yenye fuvu, jua jeusi na "ewe ujaye". Lakini mpango wa Onkalo haumtegemei msomaji. Umetegemea shaba, udongo na mwamba. Anayetaka kujua kama shimo ni salama aiulize shaba. Filamu imetumia muda wake mwingi kuuliza maneno.

Msinielewe vibaya. Si sisi wa kwanza kunaswa na mtego huu. Wakubwa walinaswa kabla yetu.

Marekani, mwaka 1981, iliunda jopo la kufikiri jinsi ya kuwaonya watu kwa miaka 10,000. Mwanazuoni wa ishara Thomas Sebeok alitoa ripoti yake mwaka 1984, akapendekeza kitu kama ukuhani wa atomu: kikundi cha watu watakaopokezana siri kizazi kwa kizazi, huku raia wakitishwa kwa hadithi na miiko wasisogee. Mwaka huo huo, katika jarida la Kijerumani la elimu ya ishara, Françoise Bastide na Paolo Fabbri wakaja na kali zaidi: tuzalishe paka watakaobadilika rangi wakikutana na mionzi, halafu tutunge methali na ngano ili watu wajue kwamba paka akigeuka rangi, ukimbie.

Paka! Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye daladala, watu wakanitazama. Halafu nikaona kwamba kati ya mapendekezo yote hili ndilo lenye akili ya mwandishi. Wale wawili walijua kwamba jiwe halisemi lenyewe. Anayesema ni bibi anayemhadithia mjukuu.

Kisha mwaka 1993 maabara ya Sandia ikachapisha ripoti nene kwa ajili ya kituo cha WIPP, jimbo la New Mexico, ambako taka zenye plutoni kutoka viwanda vya silaha zingezikwa kwenye chumvi, zaidi ya mita 600 chini. Vikundi viwili vya wataalamu, wanaisimu na wanaakiolojia wakiwemo, walichora mandhari ya miiba mikubwa ya kutisha, nyuso zenye hofu, na maandishi katika lugha kadhaa. Mpango uliokuja baadaye ukataja lugha saba: zile sita za Umoja wa Mataifa na Kinavajo cha wenyeji wa eneo lile. Kiswahili hakimo, na wala sioni kwamba tumedhulumiwa. Shimo si letu.

Nikiyahakiki maandishi ya namna hiyo kama ninavyohakiki kazi zenu, kosa lake ni moja: yanamtisha msomaji bila kumjua. Mwandishi anadhani hofu ni lugha ya wote. Muulize Howard Carter. Mwaka 1922 alifika kwenye kaburi la Tutankhamun, limefungwa, lina mihuri ya wenyewe. Alifanya nini? Alitoboa, akachungulia. Weka miiba ya mita kumi jangwani uone kama vijana hawatakwenda kupigia picha. Kitisho kikubwa kisichoelezeka kinaita watu. Sisi tuliokua tukikatazwa kwenda kwenye magofu tunalijua hilo vizuri, maana tulikwenda.

Nitoe mfano wa karibu. Nikiwa mwanafunzi nilipelekwa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kwenye msikiti wa kale. Pale kibla kuna maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe, kwa khati ya Kikufi, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kwa hiyo hilo ni andiko la miaka zaidi ya 900. Kulikuwa na kijana wa madrasa, anasoma Kurani kama maji. Nikamwomba anisomee jiwe. Akainama, akalitazama, akachemsha. Herufi ni za lugha anayoijua, ila umbo lake limemtupa. Mzee aliyetukaribisha akacheka, akatwambia tarehe na habari zake. "Shikamoo Babu," nikamwambia, "wewe unazisoma?" Akasema, "Marahaba mwanangu. Mie nimehadithiwa. Nami nakuhadithia wewe."

Sasa hesabu. Miaka 900 tu, dini ile ile, mahali pale pale, watu wanaingia kusali katika msikiti huo huo, na bado jiwe linahitaji Babu wa kulisemea. Plutoni inataka miaka 24,100 ipungue nusu. Mna Babu wangapi wa kupanga foleni hiyo?

Kwa hiyo mshairi wangu, kumwandikia mtu wa miaka laki moja si ujasiri. Ndiyo kazi rahisi kuliko zote, kwa sababu msomaji huyo hawezi kukurudishia karatasi, hawezi kukwambia hapa umedanganya, hapa umechosha. Mwandishi anayemkimbia msomaji aliye hai huenda kujificha kwa msomaji ambaye hajazaliwa.

Na msomaji aliye hai ndiye mwenye hatari. Nisikilizeni.

WIPP ilianza kupokea taka mwaka 1999. Februari 2014 pipa moja likapasuka chini kule, mionzi kidogo ikatoka hadi juu, na kituo kikasimama karibu miaka mitatu. Je, ni mtu wa mwaka 12,000 aliyeshindwa kusoma alama? Hapana. Taka zile zilipofungashwa kwenye maabara zilichanganywa na kitu cha kunyonya unyevu, mchanga ule wanaowekea paka wa ndani kama choo. Zamani ulitumika wa madini. Maagizo ya kazi yakaja kuandikwa kwamba utumike wa asili ya mimea, wafanyakazi wakatii, na ule wa mimea ulipokutana na chumvi za naitreti ukachemka. Mwaka 1984 paka ndio wangetuokoa. Mwaka 2014 choo cha paka ndicho kilichopasua pipa.

Andiko lililoleta balaa lilikuwa la lugha moja, la ofisi moja, lililoandikwa juzi, na msomaji wake alilielewa na kulifuata neno kwa neno. Ubovu ulikuwa kwenye andiko. Ukitaka kujua sentensi moja ina uzito gani, usiende miaka laki moja, nenda pale.

Ujerumani nako kuna Asse, mgodi wa chumvi ulioachwa. Kati ya 1967 na 1978 waliingiza humo mapipa 126,000 hivi ya taka, si urani iliyotumika, ni taka za mionzi ya chini na ya kati. Zipo picha za mapipa yaliyomwagwa yakabiringika kama magunia ya mkaa. Mwaka 1988 maji ya chumvi yakaanza kuingia. Mwaka 2013 ikapitishwa sheria kwamba mapipa yatolewe. Waliozika na walioamriwa kufukua ni kizazi kimoja na watoto wake. Hakuna lugha iliyokufa hapo katikati.

"Basi," mtasema, "na Onkalo nayo ni kimeo?" Sijasema hivyo. Nasema tuulize linaloulizika.

Tuulize shaba. Hesabu za usalama zinasema kule chini hakuna oksijeni, kwa hiyo shaba itadumu. Mwaka 2007 watafiti wa chuo cha ufundi cha kifalme cha Stockholm, Gunnar Hultquist na Peter Szakálos miongoni mwao, walitangaza kwamba wameona shaba ikiliwa hata kwenye maji safi yasiyo na oksijeni. Ikawa kesi. Maabara nyingine zikarudia jaribio, nyingi hazikuliona jambo hilo kwa kiasi cha kutisha. Lakini Januari 2018 mahakama ya mazingira ya Sweden iliiambia serikali: hatujaridhika kuhusu mtungi, leteni maelezo zaidi. Yakaletwa, yakasomwa, yakabishiwa. Serikali ikaruhusu mwaka 2022, na ujenzi kule Forsmark ukaanza mwaka 2025. Unaweza kukubali au kukataa hukumu hiyo, lakini pale watu walio hai walisoma maandishi ya watu walio hai, wakasema hapana, rudini mkaandike tena. Hiyo ndiyo fasihi ya usalama ninayoijua mimi.

Tuulize na mwamba. Hapa Afrika ina neno lake. Mwaka 1972 Wafaransa waligundua kwamba urani kutoka Oklo, nchini Gabon, ina upungufu: ile urani-235 ilikuwa asilimia 0.717 badala ya 0.720. Nani kaiba? Hakuna aliyeiba. Karibu miaka bilioni mbili iliyopita madini yale, yakiwa yamelowa maji ardhini, yaliwaka yenyewe kama kinu na kuendelea hivyo kwa mamia ya maelfu ya miaka. Taka zake zilibaki bila mtungi wa shaba wala mtungi wowote. Plutoni iliyozaliwa pale haikwenda mbali, ilifia karibu na ilipozaliwa. Gesi na vitu vinavyopenda maji, kama siziamu, vilitoroka kwa kiasi kikubwa. Mwamba basi si komeo la chuma. Ni mpunguza mwendo. Unaivumilia plutoni vizuri, ayodini inautoroka pole pole, na hesabu yote ni kwamba hicho kinachotoroka kichelewe sana na kiwe kidogo sana. Halafu kuna barafu kuu zitakazorudi na kuilemea ardhi ile kwa uzito wake. Hata leo pwani ile ya Finland inainuka karibu milimita sita kila mwaka, ikijinyoosha baada ya barafu ya mwisho kuondoka. Haya ni maswali yenye majibu ya kupima. Katika makaratasi matano niliyoletewa, shaba haimo, barafu haimo, Oklo haimo. Kuna "giza la milele" mara kumi na moja. Nimehesabu.

Sasa mtaniuliza: tuache kuandika? Ndugu zangu, hapana. Mbadilishe msomaji.

Januari 2000 madiwani wa Eurajoki walipiga kura kama walikubali shimo liwe kwao: 20 wakasema ndiyo, 7 wakasema hapana. Mwaka 2001 Bunge la Finland likakubali kwa kura 159 dhidi ya 3. Sijui kama mimi ningekuwa kwenye wale 20 au wale 7. Wilaya ile tayari ilikuwa na vinu na kodi yake, na tumbo lina sauti yake. Lakini walikuwa na karatasi mbele yao, kwa lugha yao, na haki ya kusema hapana. Wale 7 nawakumbuka zaidi ya njiti ya kiberiti ya Madsen. Ukurasa uliowafanya 7 wakatae na 20 wakubali ndio ukurasa ambao mwandishi angeuonea wivu.

Na msidhani habari hii itabaki kwenye theluji. Urani iko Namtumbo, kwenye Mto Mkuju. Mwaka 2024 wananchi wa Uyombo, Kilifi, waliingia barabarani kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia kwenye pwani yao. Kinu kikija, popote kitakapokuja, kitakuja na makabrasha. Mtu atasimama mbele ya wavuvi aseme "imethibitishwa kuwa salama," na watu watapiga makofi au watarusha mawe, kwa sababu hapo katikati hapatakuwa na lugha. Nani ataandika kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba shaba inaliwa namna gani? Kwamba "salama" ya nani, kwa miaka mingapi, na kama hesabu ikikosea nani atalipa? Mama wa Uyombo atasoma, na akiona umemzuga atakurudishia karatasi lako usoni. Huyo ndiye msomaji wa kuogopwa. Ukiweza kumwandikia yeye, umeweza.

Kule chini mita 400, kazi waachiwe shaba, udongo na mwamba, na wapimwe kwa ukali bila huruma. Shimo zuri ni lile lisilohitaji msomaji. Andiko zuri ni kinyume chake: bila msomaji wa kubishana nalo ni kuni.

Makaratasi matano yako kwangu, njooni myachukue. Ukingoni nimeandika maswali, kwa kalamu nyekundu. Mshairi wetu nimemwandikia moja tu: "Babu wa Kizimkazi akikuuliza hili shairi linahusu nini, utamjibu nini?" Akinijibu, nafasi yake toleo lijalo ipo.